Limepoa, Mama

Ipo siku moja ambayo kichwa changu kimekataa kuiachia, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshika bunduki niliyofundishwa kuitumia kwa wiki chache tu, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa kando ya shamba la migomba, nalinda bomu. Bomu lenyewe lilikuwa limejichimbia kwenye udongo nyuma ya nyumba ya mama mmoja. Halikuwa limepasuka. Kazi yangu ilikuwa moja tu, mtu yeyote asipite. Kazi hiyo niliiharibu, na nilivyoiharibu ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu nakaribia sabini na sitaki kwenda nayo kaburini.

Nakuita mwanangu hata kama hatujawahi kuonana, kwa hiyo kwanza ujue anayesema na wewe ni nani. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Babati, karakana yangu iko Nangara. Shule nilifika darasa la tatu, baba akafariki, nikaachana nayo. Sikurithi kitu. Nilianza kwa kunoa majembe ya watu barabarani, na leo ukitembea kutoka Singe mpaka Mutuka, mageti utakayoyasifia mengi nimeyatengeneza mimi, na yale yaliyopinda yametengenezwa na wengine. Najisifu, ndiyo. Lakini huyu huyu anayejisifu ndiye aliyekosea, kwa hiyo nisikilize.

Mwezi uliopita mteja mmoja, Baba Neema, aliniletea pipa lililokuwa la petroli. Limetoboka, anataka lizibwe. Fundi wangu Daudi, mtu mzima mwenye watoto watatu, akaliinamia, akalinusa, akasema, "Liko poa, mzee. Limekaa wazi wiki nzima." Nikamwambia aweke chini kifaa cha kuchomelea, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka ukikutana na moto. Nikamwuliza amejuaje. Akawageukia wenzake akawaambia mzee alikwenda vitani akarudi, sasa anaogopa pipa tupu. Wakacheka wote. Baba Neema naye akacheka, akaniambia kwa adabu zake zote kwamba kazi hiyo Arusha wanaimaliza kwa dakika kumi. Nikamjibu alipeleke Arusha. Akalipakia pipa lake akaondoka, na Daudi akaninunia siku mbili.

Siwalaumu. Hawajui kwamba mtu akiniambia kitu kiko poa, mimi siko tena karakana. Niko kwenye ile migomba. Kwa hiyo badala ya kugombana na kila mtu, nimenunua daftari nikaandika.

Vita vya Kagera vilinikuta nachoma mkaa na mjomba wangu, porini huko nje ya Mutuka. Kuchoma mkaa si kuwasha moto tu, mwanangu. Unapanga magogo, unayafunika kwa majani na udongo, unawasha, halafu unaziba, na tanuri linajiivia lenyewe ndani kwa ndani siku nyingi. Ugumu uko kwenye kufungua. Ukifungua mapema hewa inaingia, mkaa wote unawaka mbele ya macho yako, unarudi nyumbani na majivu. Mjomba hakuwa na saa wala kalenda. Alikuwa anaweka mgongo wa kiganja juu ya udongo wa tanuri, hapa, na pale, na pale, anafumba macho, halafu anasema neno moja: limepoa. Ndipo tunafungua. Mimi nilijifunza hivyo hivyo, na baada ya miaka minne mkono wangu ukawa hodari kuliko wake. Watu wa matanuri mengine walikuwa wanatuma mtu kuniita niende kuwapimia. Kijana asiye na shule wala ng'ombe, wazee wenye mvi wanasimama pembeni kimya wanangoja atamke. Kiburi kilipata pa kukaa.

Nikaenda vitani na mkono huo. Sisi wa mgambo hatukupelekwa wote mbele. Kundi letu liliachwa nyuma kulinda vijiji na barabara. Aliyetuongoza tulimwita Koplo Issa, mtu wa Kondoa, mzee tayari, mvi mpaka kwenye nyusi. Ukoplo aliupata kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani, ambavyo vilimchukua akiwa kijana mpaka jangwa la Misri, akawa anawachimbia na kuwabebea mchanga wahandisi waliokuwa wanafukua mabomu. Hakupenda kusimulia vita. Ukimwuliza aliua wangapi, naye alikuwa anakuuliza wewe umelima ekari ngapi.

Asubuhi moja ndege ya adui ilipita juu ya kijiji tulichokuwa tunakilinda, ikaangusha mabomu mawili. La kwanza lilipasuka bondeni, likaua mbuzi na kung'oa migomba. La pili liliingia shambani nyuma ya nyumba ya mama mmoja ambaye wote tulimwita kwa jina la bintiye, Mama Koku. Mumewe alikuwa mbele na wapiganaji, yeye amebaki na huyo mtoto wa miaka kama minne. Tulilala chini tukisubiri mlio. Haukuja. Tulipochungulia tukaona mkia wa chuma umechomoza kwenye udongo, na mabawa yake manne madogo. Wenzangu wakaanza kucheka kwamba adui ametupa bomu bovu.

Koplo Issa hakucheka. Alituondoa wote, akafunga kamba yenye vitambaa vyekundu kuzunguka shamba, akapima hatua mia tatu kwa miguu yake mwenyewe, akawahamishia watu wa nyumba za karibu kwenye jengo la kanisa. Akatuma mtu akawaite wahandisi wa jeshi, ambao walikuwa mbali na wana kazi nyingi. Halafu akatukalisha chini akatufundisha, na somo hilo nakupa kama alivyonipa.

Alisema bomu lenyewe ni chuma na baruti tu, halina akili. Akili iko kwenye kidude kidogo alichokiita kiwashio, ndicho kinachoamua lipasuke lini. Zamani mabomu ya ndege yalikuwa yanapasuka yakigusa chini, basi. Baadaye wakatengeneza kiwashio kinachochelewa kidogo, kufumba na kufumbua, ili bomu litoboe paa kwanza lipasukie ndani. Halafu Wajerumani wakaona watu wamejifunza kujificha ndege zikija na kutoka ndege zikiondoka. Wakaweka saa ndani ya kiwashio. Bomu linaanguka, linanyamaza, saa inatembea siku moja, mbili, hata tatu. Watu wanarudi kupika, treni zinarudi kwenye reli, ndipo linapasuka. Na hata kabla ya kupasuka limeshafanya kazi, alisema, kwa kuwa mtaa mzima umehama na kiwanda kimefungwa kwa ajili ya chuma kimoja kilichokaa kimya.

"Msidhani shabaha ni nyumba," alituambia. "Shabaha ni yule anayerudi."

Akaendelea. Wahandisi walipojua namna ya kuisimamisha ile saa, watengenezaji wakaongeza kiwashio kingine kinachopasuka ukilitikisa, na kingine kimefichwa chini, kinamngoja anayekichomoa cha juu. Kule jangwani alimwona afisa wa Kizungu akilala kifudifudi na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia kifua, anasikiliza bomu kama mgonjwa. Akisikia saa inatembea, anajua afanye nini. Asiposikia kitu ndipo jasho linamtoka. Na Waingereza wenyewe hawakuwa malaika. Wao na Wamarekani walitumia dawa: kichupa kinavunjika bomu likiangushwa, dawa inakula kizuizi chembamba kama ukucha, polepole, kikishaliwa sindano inafyatuka. Mengine yalizama kwenye udongo laini yakageuka kichwa juu, dawa ikashindwa kufika ilipotakiwa. Mpaka leo, mwanangu, nimesikia redioni, huko Ujerumani wakichimba msingi wa jengo wanayakuta, wanahamisha watu mtaa mzima. Waliotengeneza wamekufa, waliorusha wamekufa, kile kizuizi bado kinaendelea kuchakaa huko chini.

Tukagawana zamu. Mimi nilipewa upande wa mbele ya nyumba, zamu ya mchana, na ile siku ya kwanza tu Mama Koku akaja mpaka kwenye kitambaa chekundu, mtoto mgongoni. Alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha, cha sokoni. Akanieleza kwamba mvua za masika zimeshaanza, na debe la mbegu za maharage liko ndani ya nyumba pamoja na jembe lake. Akiyakosa maharage ya msimu huu hana kitu cha kumpa mtoto mpaka mwisho wa mwaka. Nikamkataza. Akanishukuru akaondoka. Aliniita afande, mimi mchoma mkaa, na nisikufiche, ilinipendeza.

Siku ya pili akaja tena, akamkuta Koplo Issa mwenyewe. Koplo akamkatalia kwa upole, akampa nusu ya unga wake akamwambia avumilie mpaka wahandisi waje. Mama akakaa chini palepale, akaangalia nyumba yake kwa muda mrefu, akaondoka.

Mchana ule, Koplo alipokwenda barabarani kuangalia kama wahandisi wanakuja, nilivuka kitambaa. Hakuna aliyenituma. Niliona watu wanahangaika na jambo ambalo mimi, kwa kazi niliyokulia, naweza kulimaliza kwa dakika moja. Nikatembea mpaka lilipo bomu, nikachuchumaa, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye kile chuma. Hapa, na pale, na pale. Nikafumba macho kama mjomba. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Jioni tukila nikamwambia Koplo mbele ya wenzangu kwamba nimelipima, limepoa. Nilitegemea anisifu. Aliacha kutafuna.

"Kupoa ni kwa uji," akasema. "Bomu halipoi, kwa sababu halikuwa na moto. Ukivuka tena nitakufunga kamba kama mbuzi."

Wenzangu walicheka mpaka wakamwaga chakula. Kuanzia pale jina langu likawa Bwana Uji. Nikiomba maji, Bwana Uji ana kiu. Nikienda kujisaidia, Bwana Uji anakwenda kupoa. Leo naona ni utani wa vijana walio mbali na kwao, lakini wakati ule uliniingia vibaya. Huu mkono ulikuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani, na mzee huyu alikuwa ameufanya kichekesho. Nililala nikiomba bomu lile lisipasuke kamwe, wahandisi waje walifungue walikute limekufa, ili Koplo anione mimi ni nani. Angalia nilichokuwa nakiomba. Sikumwombea mama apate mbegu zake. Niliomba nionekane.

Siku ya tatu asubuhi mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Mama Koku alikuja na mtoto. Nilikuwa peke yangu juu ya kile kinu. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisimama upande wake wa kitambaa akaniuliza swali moja.

"Afande, wenzangu wote wamepanda. Hicho kitu ni kizima au kimekufa?"

Nilitakiwa kujibu sijui. Neno la herufi tano, hata mimi wa darasa la tatu naliweza. Lingenitosha mimi, lingemtosha yeye, angekwenda zake na njaa yake na angepata namna nyingine. Lakini niliona mtu anayeniuliza mimi, si Koplo. Nikaona na nafasi ya kuonyesha.

"Limepoa, mama," nikamwambia. "Nimelipima mwenyewe kwa mkono huu. Nenda haraka, chukua mbegu, rudi."

Akaniangalia usoni kuhakikisha. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, kama fundi. Akamshusha mtoto mgongoni, akanikabidhi, akamwambia jambo kwa Kihaya, nadhani alimwambia atulie. Mtoto akanishika shingo. Mama akainama akapita chini ya kitambaa, akaenda kwa haraka lakini hakukimbia. Nilimwona akiingia. Nilimwona akitoka na debe kichwani na jembe mkononi, na kwa mara ya kwanza katika siku zile tatu nikamwona anatabasamu. Halafu akasimama kama mtu aliyekumbuka kitu, akaweka debe chini, akazunguka kwenda nyuma ya nyumba. Mpaka leo sijui alifuata nini. Labda mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Sitakueleza mlio. Nitakueleza tu kwamba nilijikuta chini, mtoto chini yangu, majani ya migomba yanatuangukia polepole kama hayana haraka. Mtoto alikuwa mzima, hana hata mchubuko. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu upande wa nyumba, ambayo nusu yake haikuwepo.

Kama lilikuwa na saa na saa ikafika, au kama lilikwama tangu mwanzo akalitikisa kwa mguu, sijui. Wahandisi walipokuja hawakuwa na cha kufungua.

Kabla ya wahandisi alikuja afisa mmoja kijana, luteni, na kitabu chake cha kuandikia. Alinikuta nimesimama, bado nimembeba mtoto, kwa kuwa alikuwa amekataa kuniachia shingo. Koplo Issa alikuwa pembeni. Luteni akaniuliza kama nilimruhusu raia kupita kwenye alama.

"Hapana, afande," nikajibu. "Nilimkataza. Akakaidi."

Akaandika. Nilisikia kalamu. Mtoto ambaye alikuwa ameshuhudia kila kitu alikuwa kifuani kwangu, na Kiswahili hakukijua hata neno. Koplo Issa, aliyenisikia jioni iliyotangulia nikijisifu kwamba limepoa, aliinua macho akaniangalia, akayashusha. Mimi nikadhani amenionea huruma. Wanawake wa kijiji wakaja wakamchukua mtoto, na mmoja wao akanibariki kwa kumwokoa.

Kesho yake mchana Koplo aliniita tukae pembeni. Aliongea taratibu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa.

"Nilikuachia kutwa nzima na usiku kucha," akasema. "Nilidhani utamfuata luteni mwenyewe. Yule mama aliuliza kwa sababu hakujua. Wewe ulimjibu, na wewe hujui. Hilo ni kosa, na watu wanakosea. Lakini jana umechukua marehemu umembebesha mzigo wako, na yeye hawezi kuutua."

Nikamwambia basi aende yeye akaseme, anifungishe. Nilisema kwa ukali, nikijifanya siogopi.

"Sitakusemea," akasema. "Nikikusemea utapewa adhabu, na ukiimaliza utaona umelipa. Utakwenda mwenyewe, siku utakayoweza. Nakuombea iwe karibu."

Siku mbili baadaye kundi letu liligawanywa. Yeye alirudishwa barabara ya nyuma, mimi nikapelekwa mbele, sikumwona tena. Haikuwa karibu, mwanangu. Aliniombea bure.

Nilirudi Babati nikaanza kazi niliyokueleza. Nikaoa, nikazaa, nikaheshimika. Kanisani wananiweka kiti cha mbele. Siku za kuwakumbuka mashujaa vijana wa mtaa wanakuja kunisalimia shikamoo mara mbili mbili. Kila mwaka nilikuwa najiambia nitakwenda, na kila mwaka kulikuwa na geti la mtu la kumaliza. Nilipofikisha miaka hamsini na mitano ndipo nilipopanda basi, nikasafiri siku mbili, nikafika kile kijiji. Nikamkuta mzee mmoja, shemeji yake marehemu. Akaniambia mume alirudi kutoka vitani, akaoa tena, naye amekwisha kufariki. Koku ameolewa kijiji cha mbali kidogo, mzima, ana watoto.

Nikajitambulisha kwamba nilikuwa askari hapa wakati wa vita. Mzee akasimama.

"Ni wewe uliyemkinga Koku?"

Akawaita watu wa nyumbani. Kule mgeni wa heshima anapewa kahawa kavu ya kutafuna, mkononi, na mwenye nyumba. Nikapewa. Wakakaa kunizunguka, na mzee akawasimulia wajukuu habari niliyoijua vizuri kuliko yeye. Kwamba bibi yao alikuwa mkaidi. Kwamba askari alimkataza mara tatu, akamsihi, hakusikia, na askari akambakisha mtoto kwa nguvu. Nikagundua kwamba pale kijijini imekuwa somo. Mtoto akibisha anaambiwa, unataka kuwa kama Mama Koku. Walikuwa wananitazama kwa shukrani, na mimi nilikuwa nimefunga safari siku mbili kwa ajili ya kusema sentensi moja.

Nikatafuna kahawa yao. Nikasema asanteni. Nikarudi Babati.

Umenielewa lakini? Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina hofu, nina damu ya mtu kwenye viatu. Unaweza kunitafutia udhuru. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima, nimeshiba, hakuna wa kunifunga. Hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, na hakuna wa kushirikiana naye lawama.

Baada ya Baba Neema kuondoka na pipa lake, na vijana wangu kunicheka, nilikaa ofisini nikaona kwamba nimekuwa mkali kwa watu miaka yote hii kwa jambo nisilothubutu kuwaambia. Kuna mama mfanyabiashara hapa sokoni, Mama Jeska, mwenyeji wa upande ule wa Kagera, anauza ndizi zao. Nilimwomba anitafutie namba ya Koku. Ilimchukua siku nne. Nikafunga mlango wa ofisi mchana kweupe, nikapiga. Sauti ya mama mtu mzima ikaitika. Nikamweleza mimi ni nani. Akaanza kunishukuru. Nikamwomba asinishukuru kwanza, nikamsomea kile nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari, maana nilijua nikisema bila kusoma nitapunguza. Nikasoma mpaka pale pa luteni na kalamu. Nikanyamaza.

"Nina binti mkubwa," akasema. "Tangu yuko mdogo, akinibishia nilikuwa namwambia amerithi ukaidi wa bibi yake. Sasa na yeye ana watoto, anawaambia hivyo hivyo."

Nikasema nimekosa, mama.

"Ulisema mbele ya watu kwamba alikaidi," akaniambia. "Basi usiniambie mimi kwenye simu. Njoo useme mbele ya watu."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aseme hivyo. Nimekata tiketi, nakwenda wiki ijayo. Mke wangu, ambaye naye nimemweleza majuzi tu baada ya miaka arobaini ya ndoa, atakwenda na mimi. Amesema atakaa nyuma, asinishike mkono, nisimame mwenyewe.

Sasa nasaha yangu, na sitaizungusha. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, hasa pale anayekuuliza anakuheshimu, kwa sababu huyo atakwenda na jibu lako bila kulipima. Ujuzi wako wa kazi moja usiupeleke kwenye kazi nyingine ukadhani unakutosha. Ukichekwa, vumilia, kicheko hakijawahi kumzika mtu, lakini kutaka kukifuta kumemzika Mama Koku. Na ukishakosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, mchafu hivyo hivyo ulivyo. Usingoje uwe mtu wa heshima ndipo useme. Nimejaribu. Heshima ikishaingia inakuziba mdomo vibaya zaidi kuliko hofu.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema hujui. Akupe mzee atakayekukemea kwa sauti ya chini, na akupe miguu ya kurudi mapema kuliko nilivyorudi mimi. Nyumba yako ijae watoto, na majina ya waliotutangulia yakae humo bila doa wasilolitenda. Na ukikutana na mtu wa upande ule akakuambia habari za mama mkaidi wa wakati wa vita, umsahihishe kwa niaba yangu, maana siwezi kufika kila mahali. Mwambie hakukaidi. Aliuliza kwanza.